Kikundi Huanza na Watu Wawili
Historia fupi ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, tangu Baltimore na Akron hadi kambini kwetu



Komite ilipotuomba sisi walimu tuandike ukurasa wa historia katika jarida hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi, wengi walidhani tutaandika juu ya vita vya 1996 na 1998, au juu ya njia tuliyopita hadi kuvuka mto Rusizi na kuingia Burundi. Historia hiyo tunayo, na watoto wetu wanaijua. Safari hii tumechagua jambo lililomo katika kila bloki lakini halisemwi mbele ya watu. Jambo hilo ni pombe, na namna mtu aliyeshikwa na pombe anavyoweza kupata wenzake wa kumsaidia kuiacha.

Hatuandiki ili kuwahukumu wanaokunywa, wala wanaopika. Tunaandika kwa sababu mara kwa mara mtu huja mlangoni mwa darasa baada ya watoto kutoka, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kile kikundi kiko wapi?" Wengine huuliza kwa ajili ya mume au kaka. Wengine husema wanauliza kwa ajili ya rafiki, na sisi hatuwaulizi zaidi. Jibu la swali hilo ni fupi, lakini lina historia ndefu nyuma yake. Tumeona kwamba anayeijua historia hiyo hapotei njia akifika mahali ambapo kikundi hakipo.

1. Pombe ya nyumbani na pombe ya kambi

Kwetu Kivu tulikuwa na kasiksi ya ndizi. Hapa Burundi tumekuta urwarwa ya ndizi na impeke ya mtama, na desturi ya wageni kukaa kuzunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija. Pombe hizo zilikuwa na kazi yake: mahari, mavuno, matanga, kupatanisha waliogombana. Zilikuwa na mipaka pia. Kuzitengeneza kulichukua siku kadhaa, wazee walikuwapo zikinywewa, na chungu kikiisha watu walirudi kwao. Hatusemi kwamba hapo zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo, na kila kijiji kilikuwa na wake.

Pombe kali ya kuchemsha, yaani lutuku au kanyanga, ni kitu kingine. Hukaa katika bidoni bila kuharibika, huuzwa kwa kikombe kidogo saa yoyote, na mtu huweza kuinywa peke yake gizani. Wakubwa wa dunia waliiogopa pombe kali zamani. Katika mkataba wa Brussels wa 1890, na tena katika mkataba uliotiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye tarehe 10 Septemba 1919, mataifa ya kikoloni yalikubaliana kuzuia pombe kali zisiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mtu aliyekatazwa chupa ya Ulaya aliweza kuchemsha ya kwake. Marekani nayo ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920. Magendo yakastawi, na Desemba 1933 marufuku hiyo ikafutwa.

Hatupingi sheria. Sheria huweza kupunguza pombe sokoni. Lakini sheria haiwezi kukaa na mtu saa nane ya usiku wakati mikono inamtetemeka na bidoni iko nyumba ya pili.

Kambini mambo yamekuwa magumu zaidi. Mkulima hana shamba, mvuvi hana ziwa, na siku ni ndefu. Usiku watu hurudiwa na yale waliyoyaona njiani. Tena yuko mama ambaye posho ikipunguzwa huchemsha lutuku ili watoto wapate mboga na daftari. Ukimwambia aache, lazima umwambie pia watoto watakula nini. Kwa hiyo asije mtu akasema ulevi wa kambini ni uvivu tu. Una sababu zake. Hata hivyo, kuzijua sababu hakumfanyi mtu aache. Wanaume na wanawake walioacha waliacha kwa njia gani? Hapo ndipo historia yetu inapoanza.

2. Wanaume sita wa Baltimore, 1840

Mwezi wa Aprili 1840, katika mji wa Baltimore huko Marekani, wanaume sita waliokuwa wakinywa pamoja katika baa moja walikata shauri kuacha pombe. Hawakuwa watu wakubwa. Walifanya jambo ambalo halikuwa kawaida siku zile. Badala ya kumleta mhubiri awaeleze ubaya wa pombe, walikutana wao wenyewe, na kila mmoja akasimulia yaliyompata. Halafu kila mmoja akatakiwa aje na mlevi mwingine. Walijiita kwa jina la George Washington, rais wa kwanza wa nchi yao.

Katika muda wa miaka michache wafuasi wao walihesabiwa kwa malaki. Tarehe 22 Februari 1842 Abraham Lincoln, ambaye wakati huo hakuwa rais bado, aliwahutubia mjini Springfield. Alisema maneno ya kuwatetea walevi wasidharauliwe na wale ambao hawajawahi kushikwa.

Lakini kabla ya miaka kumi kwisha chama hicho kilikuwa kimedhoofika karibu kufa. Kiliingia katika mabishano ya siasa kuhusu sheria za pombe, watu wakagombana juu ya dini, na waliotaka sifa wakapanda majukwaani. Mlevi aliyekuja akitetemeka hakupata tena mtu wa kukaa naye. Tukumbuke mambo haya mawili, maana tutayarudia: kilichowajenga ni mtu kumsimulia mwenzake habari zake mwenyewe, kilichowabomoa ni mabishano yasiyohusu kuacha pombe.

3. Simu ya hoteli ya Akron, 1935

Karibu miaka mia baadaye alikuwapo mtu mmoja wa New York, jina lake Bill Wilson, aliyefanya kazi ya mambo ya hisa na ambaye pombe ilikuwa imemwangusha kabisa. Desemba 1934 alilazwa hospitalini, akiwa chini ya daktari William Silkworth, na tangu hapo hakunywa tena. Alipotoka alienda huku na huko akiwahubiria walevi wengine. Miezi ikapita, hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari akamshauri apunguze mahubiri. Lakini Wilson aliona jambo moja: wale hawakupona, ila yeye mwenyewe, kwa kuwaendea, alikuwa hajanywa.

Mwezi wa Mei 1935 alisafiri kwenda Akron, mji wa viwanda vya matairi katika jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara. Biashara ikashindikana. Wenzake wakarudi, yeye akabaki peke yake katika Hoteli Mayflower akiwa na fedha kidogo mfukoni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11. Upande mmoja wa ukumbi ilikuwapo baa, na vicheko vilikuwa vikisikika. Upande wa pili ilikuwapo simu, na karibu nayo orodha ya makanisa ya mji.

Hapo tuwaombe wasomaji wasimame kidogo. Wilson hakutafuta kikundi cha kumsaidia. Kikundi hakikuwapo, si Akron wala kwingineko. Alichotafuta ni mlevi mwingine wa kuzungumza naye, ili yeye asiingie baa. Alimpigia simu mchungaji mmoja, akapewa majina, akaendelea kupiga hadi akafika kwa mama mmoja aitwaye Henrietta Seiberling. Mama huyo alikuwa akimjua daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa akiangamia kwa pombe.

Walikutana kesho yake, 12 Mei, saa kumi na moja jioni. Daktari Bob alikubali kukaa dakika 15 tu, maana alikuwa amechoshwa na watu wa kumhubiria. Walikaa zaidi ya saa sita. Baadaye alieleza kwamba huyu alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye juu ya pombe kwa kuijua mwilini mwake, si kwa kuisoma. Wilson hakuja kumpa msaada, alikuja kuuomba. Daktari alianguka tena mara moja baada ya hapo, alipokwenda kwenye mkutano wa madaktari. Kisha akanywa kwa mara ya mwisho tarehe inayoadhimishwa kuwa 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, au kwa kifupi AA.

Mwezi huohuo wale wawili walikwenda hospitali ya mji wakauliza kama yuko mlevi. Wakaonyeshwa mwanasheria mmoja aliyefungwa kitandani kwa sababu alikuwa amewapiga wauguzi. Wakakaa naye, wakasimulia. Naye akaacha. Wakawa watatu.

4. Barua, fedha na majina

Jinsi walivyoenea inatuhusu sana sisi tulio mbali na miji. Mwaka 1939 walichapisha kitabu cha kueleza njia yao. Tarehe 1 Machi 1941 gazeti kubwa la Marekani, Saturday Evening Post, likaandika habari zao. Wakati huo walikuwa kama 2,000. Mwisho wa mwaka walikuwa kama 8,000. Barua zilimiminika ofisini kwao New York, nyingi zikitoka mahali pasipokuwa na kikundi. Mtu aliyeandika alijibiwa kwa barua na kuunganishwa na mwingine wa karibu naye kama alikuwapo. Kama hakuwapo, alitiwa moyo amtafute. Hivyo ndivyo ilivyofika pia barani Afrika: vikundi vya kwanza vya Afrika Kusini vilianza 1946.

Wanawake nao waliingia mapema, ingawa kwa taabu, kwa sababu aibu ya mwanamke mlevi ilikuwa kubwa kuliko ya mwanamume, kama ilivyo kwetu. Marty Mann, aliyeingia 1939, alitumia maisha yake yote yaliyobaki kueleza kwamba ulevi ni ugonjwa wa kutibiwa. Na mwaka 1951 Lois, mke wa Wilson, na mwenzake walianzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi, maana mke na watoto nao wana majeraha yao.

Iko habari moja ambayo tungependa ndugu zetu wa mashirika waisome mara mbili. Katika miaka ya mwanzo Wilson na wenzake walikwenda kuomba msaada kwa tajiri John D. Rockefeller mdogo. Walikuwa na ndoto ya hospitali na wafanyakazi wa kulipwa. Tajiri alisifu kazi yao, akatoa dola 5,000, akakataa kutoa nyingi zaidi, kwa kuona kwamba fedha zingeiharibu kazi yenyewe. Wakati ule walihuzunika. Baadaye waliona alikuwa na haki, na wakaweka desturi ya kujitegemea. Desturi zao, zilizokubaliwa katika mkutano wa Cleveland mwaka 1950, zinasema kwamba sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Kwamba kikundi hakiingii katika mabishano ya nje. Na kwamba majina ya watu hayatangazwi. Hayo ndiyo yaliyokosekana Baltimore.

Je, njia hii inafaa kweli? Mwaka 2020 watafiti walichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Waliona kwamba mipango mizuri ya kuwaunganisha walevi na AA iliwasaidia watu kukaa bila pombe kuliko matibabu mengine iliyolinganishwa nayo, na katika mambo mengine haikuwa nyuma. Tafiti hizo nyingi zilifanywa katika nchi tajiri. Za kambini kwetu hatuna tafiti, tuna ushuhuda tu. Huu hapa.

5. Nyuma ya darasa la nne

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mvua, mwenzetu mmoja mwalimu alikuwa akinywa. Ametupa ruhusa kusimulia bila jina lake, na vivyo hivyo wale wengine wawili watakaotajwa. Alianza kwa kikombe cha jioni ili apate usingizi. Baadaye kikombe kikahamia asubuhi. Aliuza blanketi, akauza sufuria ya mke wake, mwisho akauza kipande cha shitingi kilichofunika jiko, mvua ikaingia. Sisi wenzake tulimficha. Tulifundisha darasa lake tukamwambia mkurugenzi kwamba ana malaria. Tunaungama hapa: tulidhani tunamsaidia, kumbe tulikuwa tunampa nafasi ya kunywa.

Siku ya mtihani watoto walikaa mlangoni hadi jua likawa kichwani. Karatasi za maswali alikuwa nazo yeye, naye alikuwa amelala kando ya njia ya kwenda bombani. Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja. Mkurugenzi alimsimamisha kazi, na hatuwezi kusema alimwonea.

Mwalimu aliapa kanisani kwamba ameacha. Kiapo kilidumu siku tatu. Akaenda zahanati kuuliza kama kuna kikundi. Muuguzi alisema amesikia kwamba mjini mkuu wako watu wanaokutana. Lakini kwenda mjini mkuu kunahitaji kibali cha kutoka na nauli, na mlevi hahitaji kikundi mara moja kwa mwezi. Anakihitaji wiki hii.

Siku zilezile tulikuwa na kijitabu cha Kifaransa, kurasa zake nyingine zimechanika, kilichokuwa na habari za Akron. Tulimsomea kwa Kiswahili. Tulipomaliza ile habari ya simu, alituuliza:

"Kwa hiyo yule wa hoteli hakutafuta kikundi. Alitafuta mlevi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi. Walevi hapa hawakosekani."

Alikwenda bloki ya pili kwa mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa Baraka, ambaye watoto walikuwa wakimwimbia njiani. Akamwambia: "Papa, sikuja kukuhubiri. Nimekuja unisaidie nisinywe leo." Mzee alicheka sana. Halafu akanyamaza, akavuta kigoda.

Wakawa wawili. Walikutana Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya darasa la nne, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya soko na ndiyo saa waliyozoea kuanza.

Hapo tulikosea jambo ambalo tungependa lisirudiwe na mtu. Mzee alikuwa amekunywa kila siku kwa miaka mingi, akaacha ghafula. Usiku wa tatu mwili ulikakamaa, akatetemeka kama mwenye kifafa, akawa anawaona watu wasiokuwapo. Vijana walimbeba kwa machela hadi zahanati, na muuguzi alikaa naye hadi mchana. Alipona. Muuguzi alitueleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafula huweza kupata degedege na hata kufa, na kwamba mtu kama huyo lazima apitie zahanati kwanza, aangaliwe na kupewa dawa. Tukakumbuka kwamba Wilson naye alianzia hospitalini. Tangu hapo desturi yetu ni hii: zahanati kwanza, kigoda baadaye.

Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipika lutuku na kuionja kila bidoni hadi akawa mteja wake mwenyewe. Alikuja akasimama mbali. Akasema: "Papa Mwalimu, mimi ndiye niliyekuuzia. Nikae wapi?" Akaonyeshwa mahali. Siku hiyo hakuna aliyesema neno jingine juu ya kuuziana.

Tusidanganye kwamba mambo yalikwenda kama wimbo. Kuna mwezi walifika saba, mwezi uliofuata wakawa wawili. Mwalimu alianguka mara mbili, mara ya pili baada ya kupata habari za msiba wa nyumbani. Kila mara mzee wa Baraka alimfuata, akakaa naye, akasema maneno yaleyale: "Mwalimu, nimekuja unisaidie nisinywe leo." Baada ya mwaka mmoja mkurugenzi alimrudisha darasani. Alianza kwa kuwaomba radhi watoto wa ule mtihani, mmoja mmoja. Mtoto wake alikuwa wa mwisho.

6. Karatasi ya mahudhurio

Habari zikaenea, na shirika moja likataka kusaidia, kwa nia njema kabisa. Wakaleta sabuni, na karatasi ya kujaza: jina, bloki, namba ya kadi, sahihi. Jumamosi iliyofuata walikuja watu wawili tu.

Kwa nini? Watumishi wa mashirika watuelewe. Mkimbizi anaishi kwa majalada. Jina lake liko kwenye kadi ya posho, kwenye hesabu ya watu, na pengine kwenye maombi ya kupelekwa nchi ya tatu. Akiandika jina lake kwenye karatasi ya walevi, hajui karatasi hiyo italala wapi. Huenda hakuna ubaya wowote utakaompata. Lakini hofu haingoji ushahidi, na mtu mwenye hofu hurudi kwenye bidoni.

Mtumishi mmoja wa shirika hilo alikuja mwenyewe akauliza kilichotokea. Aliketi, akasikiliza, akaelewa. Ikakubaliwa kwamba kikundi kitatoa idadi tu, bila majina, na sabuni ipitie ugawaji wa kawaida. Watu wakarudi polepole. Tunamshukuru. Shirika halikupoteza kitu, isipokuwa sahihi.

Komite nayo ilikuwa na mwelekeo wake. Wako waliotaka kikundi kiwataje wanaopika ili wafukuzwe sokoni. Kikundi kilikataa. Wakati huo tuliwaona kama watu wanaolinda ubaya. Leo tunaona walikuwa wamejifunza bila kusoma somo la Baltimore. Siku kikundi kitakapokuwa polisi, yule mama wa lutuku hatakuja. Na suala la mama huyo bado halina jibu zuri: sasa anauza mandazi, anapata kidogo kuliko zamani, na wenzake wamemwingiza katika likirimba ili asirudi kwenye moto. Tunamwomba kila anayepanga miradi ya kipato kambini awafikirie kwanza akina mama wa namna hiyo.

7. Kwa anayetafuta

Tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa, maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu walivuka Rusizi, na wengine wamefuata baadaye. Wako waliokuja na kiu hiyo, na wako watakaoipata wakiwa huku. Wengine watahamishiwa maeneo mapya ambako hakuna zahanati ya karibu wala shule, sembuse kikundi. Kwao tunaandika maneno haya ya mwisho.

Ukiwa hapa kambini, njoo Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya darasa la nne. Hutaulizwa jina, kabila, wala kanisa. Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu hukaa pamoja. Mwanzoni kuna kimya kidogo, kila mtu aombe kwa njia yake au asiombe. Husemi lolote usilotaka kusema. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, pitia zahanati kwanza; wauguzi wanajua, na hawakucheki.

Kama ni jamaa yako anayekunywa, njoo wewe hata kama yeye hataki. Akina mama hukaa Jumatano. Usimfiche kama tulivyomficha sisi mwalimu wetu, wala usimtangaze.

Na kama utapelekwa mahali pasipokuwa na kikundi, usingoje kiletwe na gari. Muulize muuguzi, muulize padri, pasta au shehe, muulize mwalimu: "Ni nani hapa anayeteswa na pombe?" Watakutajia, maana kila mtu humjua. Mwendee mtu huyo, usimhubirie. Mwambie umekuja akusaidie usinywe leo. Akikufukuza, nenda kwa wa pili. Wilson alipiga simu zaidi ya moja.

Wasomaji wengine watatuuliza mwalimu tuliyemsimulia ni nani. Katika kikundi hatutajani, na hapa pia hatutamtaja. Inatosha kusema kwamba Jumamosi hii atakuwapo, na mzee wa Baraka atakuwapo, na kigoda kimoja kitakuwa wazi.